Swali la Kwanza ni Hodi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakutubi wa maktaba za umma, walimu wanaosimamia maktaba za shule na vijana wa kujitolea waliokutana hapa Nairobi. Waliokosa kufika wameiomba. Naiweka nzima.

Hamjambo wakutubi?

Hamjambo tena? Haya, sasa nimewasikia. Mtu aliyezoea kunong'ona kazini hupata shida akipewa maikrofoni na ukumbi.

Ndugu mwenyekiti, wakutubi wenzangu, walimu, vijana wa kujitolea, na nyinyi wenye sare za shule mliojipanga kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mna mpango wa kutoroka: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie huduma ya marejeleo kwa vijana, yaani kazi ya kumsaidia kijana aliye na swali apate jibu. Nitaanza na jambo mnalolijua.

Ingia maktaba yoyote ya umma jijini mwezi wa Oktoba, mitihani ikikaribia. Viti vimejaa. Wengine wamekaa sakafuni, mgongo ukutani. Kila mmoja ana begi lake, vitabu vyake, karatasi zake za mitihani ya miaka iliyopita. Sasa geuza shingo utazame kaunta. Nani yuko pale? Mkutubi na mhuri wake, basi. Ukumbi umefurika vijana, na hakuna hata mmoja anayeuliza kitu. Jioni tunaandika kwenye ripoti kwamba maktaba inatumika sana. Meza zinatumika. Taa zinatumika. Choo kinatumika. Sisi je?

Kwa nini hawatuulizi? Najua jibu lililo tayari midomoni mwenu: vijana wa siku hizi wana simu. Sikubali. Kijana mwenye simu ana maswali mengi zaidi, kwa sababu kila akifungua simu anakutana na majibu kumi yanayopingana. Yeye hatuulizi sisi kwa sababu ametuzoea kwa mambo mengine. Weka begi pale. Kadi iko wapi? Punguza sauti. Tunafunga. Kwa miaka yote aliyoingia maktaba, mtu wa kaunta hajawahi kumwambia neno lisilo amri. Wewe ungemwuliza mtu huyo jambo linalokusumbua?

Na mlango wetu una historia yake. Mwaka 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa pale barabara ya Banda, na sanamu zake za simba mbele. Mwaka huohuo, kule Madras, India, mkutubi Ranganathan alichapisha zile kanuni tano ambazo sote tulizikariri chuoni: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Mwaka mmoja! Madras wanasema kila msomaji, Nairobi msomaji anachaguliwa kwa rangi ya ngozi. Ilibidi uhuru ukaribie ndipo Mwafrika akaruhusiwa kupanda ngazi zile. Kwa hiyo kijana wa Kaloleni au Makadara akiingia maktaba akiwa na wasiwasi kama hapo ni pake, tusimcheke. Wasiwasi huo una umri mkubwa kuliko yeye.

Leo sheria ni nyingine. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maktaba za umma. Kasomeni wenyewe. Maktaba zimo katika orodha moja na kamari, kasino, leseni za pombe na sinema. Mkimaliza kucheka, fikirini kidogo: katika orodha hiyo, ni nani anayejua zaidi kumkaribisha kijana wa miaka kumi na tisa? Duka la kamari lina kiti, lina televisheni, na lina mtu mlangoni anayemwita kwa jina. Sisi tuna bango lililoandikwa KIMYA.

Basi tuseme siku moja kijana amejikaza, amefika kaunta. Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, maana ndipo kazi yenyewe ilipo.

Swali la kwanza ni hodi. Mtu akipiga hodi hasemi shida yake akiwa mlangoni. Anangoja akaribishwe, aketi, aulizwe habari za nyumbani, ndipo aseme kilichomleta. Kijana naye yuko hivyo. Swali analokuja nalo amelitengeneza liwe dogo, safi, lisilomwaibisha mbele ya mtu mzima. Ukilijibu lile na kumruhusu aende, umemjibu akiwa bado mlangoni.

Nitawapa kisa. Mvulana wa kidato cha tatu alikuja kaunta kwetu na kusema, "Madam, mko na kitabu ya bayo?"

Tunavyo. Vingi. Ningeweza kunyoosha kidole: rafu ile, safu ya pili. Sekunde nne, kazi imekwisha, na kwenye ripoti naandika swali moja limejibiwa. Badala yake nikamwuliza, "Unasoma sehemu gani?"

"Mambo ya jeni."

"Ni kazi ya mwalimu ama ni yako?"

Akatazama pembeni. "Ni yangu."

"Sawa. Ungependa kujua nini hasa?"

Kimya. Mnakijua kimya hicho? Mkutubi asiye na subira hukijaza kwa maneno, na hapo hapo swali hufa. Nilinyamaza. Ndipo akasema, "Kama mtu ako na ndugu mgonjwa wa damu, yeye pia anaweza kuwa nayo?"

Dada yake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mvulana huyu alikuwa na hofu ambayo hakuwa amemwambia mtu nyumbani, kwa sababu nyumbani nguvu zote zilikuwa kwa dada. Alichohitaji kimo kwenye kitabu cha biolojia, ni kweli, lakini kwa namna ya mraba wa herufi ambao hakuna aliyemweleza kwamba unamhusu yeye. Tuliuchora pamoja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana jeni ya ugonjwa bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mtoto mbebaji asiyeugua, na moja ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Na kwa kijana ambaye daktari ameshahakikisha haugui, ile nafasi ya kwanza inafutwa: zinabaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji. Akauliza mbebaji hujijuaje. Nikamwonyesha palipoandikwa kwamba kipimo cha damu ndicho kinachoamua, nikamwambia mahali pa kuanzia ni kliniki ileile anakopelekwa dada yake. Sikumpima kwa macho, sikumpa ushauri wa daktari. Hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa kufika kwenye swali.

Sasa niambieni: yule mvulana angepewa kitabu cha bayo na kuachwa, si tungesema tumemhudumia?

Hili halitusumbui sisi peke yetu. Mwaka 1983, katika jimbo la Maryland kule Marekani, watafiti waliwatuma watu kwenye maktaba za umma wakiwa na maswali, bila wakutubi kujua kwamba wanapimwa. Majibu kamili na sahihi yalikuwa takriban asilimia 55. Nusu na kidogo! Na walipotafuta kinachomtenganisha mkutubi aliyejibu vizuri na mwingine, ukubwa wa mkusanyiko wa vitabu haukuwa na uzito tuliodhani. Kilichokuwa na uzito zaidi ni tabia. Hasa tabia moja ndogo: kumrudia msomaji na kumwuliza kama alichopewa kinajibu kabisa alichouliza. Haihitaji bajeti. Haihitaji kompyuta. Unatoka nyuma ya kaunta, unamfuata alipoketi, unainama kidogo: "Hicho kimekusaidia, ama bado?"

Na hilo neno "bado" liwekeni. Kijana wa Nairobi hatakwambia "hapana, hukunisaidia." Amelelewa vizuri mno. Lakini ukimpa nafasi ya kusema "bado," ataichukua.

Jambo jingine kuhusu lugha, na hili ni la haraka. Akikuuliza kwa Sheng, jibu swali. Usisahihishe sarufi. Kuna mwalimu analipwa kwa kazi hiyo, na kijana ametoka kwake sasa hivi.

Kuna swali la aina nyingine ambalo linatutesa sote, nalo ni swali la kutumwa. Mwalimu ametoa kazi, kijana amekuja nayo, na yeye mwenyewe haelewi inataka nini. Au mzazi ndiye anayeuliza, mtoto yuko nyuma yake anatazama viatu. Tangu mtaala mpya uje, haya yameongezeka, maana miradi ni mingi na wazazi wameingizwa kazini bila kuulizwa. Wazazi mlio hapa mnatikisa kichwa, nawaona.

Mama mmoja alikuja na binti wa Gredi ya 9. "Nataka vitabu vya sayansi vya huyu. Anaenda mkondo wa sayansi na uhandisi." Mnajua mikondo ya sekondari ya juu ni mitatu: huo, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na kabla ya hapo nyumba nyingi jijini zilikuwa na mjadala mmoja tu mezani. Mkutubi mwenzangu alimsikiliza mama mpaka mwisho, kwa heshima zote, halafu akamgeukia binti: "Na wewe, ungependa kuona nini?" Binti akamtazama mama yake kwanza. Kisha akasema angependa kujua mtu anayesoma muziki huishia kufanya kazi gani.

Mnadhani mkutubi alifanya nini? Hakuchukua upande. Hakumwambia mama amwache mtoto. Aliwatafutia meza moja wote wawili, akaleta maelezo ya mikondo yote mitatu, masomo yake na kozi za chuo zinazofuata, akaongeza na vitabu vya fizikia alivyoomba mama. Akawaachia. Walikaa pale muda mrefu, na kuna wakati sauti zilipanda. Hakuwanyamazisha. Nilimpenda sana mwenzangu siku ile.

Tukumbuke hili: mzazi anastahili heshima, na heshima apewe. Lakini swali ni la atakayeishi na jibu.

Sasa nije kwenye siri, na hapa sitatabasamu.

Katika maktaba moja, ambayo siitaji, msichana alisogea kaunta akasukuma karatasi iliyokunjwa. Mhudumu akaikunjua, akageuka na kupaza sauti kwa mwenzake aliye upande wa pili wa chumba: "Hivi vitabu vya mimba viko wapi?" Vichwa vyote viliinuka. Msichana aliondoka. Labda ilikuwa kazi ya shule. Labda ilikuwa ya rafiki. Hatutajua, na wala haikuwa haki yetu kujua.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na hakikusema isipokuwa wenye sare za shule. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na data za watoto imezipa uzito wa pekee. Haya, tuangalie lile daftari letu la mlangoni. Jina, namba ya simu, shule, saa ya kuingia, na siku hizi nimeona hata safu ya "unatafuta nini." Limefunguliwa wazi juu ya meza, kila anayeingia anasoma waliomtangulia. Nani alilihitaji? Hesabu ya wageni inaweza kupatikana kwa mlinzi kubonyeza kihesabio. Futeni safu hiyo. Kama mkubwa wenu atauliza, mwambieni nimewatuma mimi.

Vitabu vya afya, vya mwili, vya akili iliyochoka, vya dawa za kulevya, viwekwe mahali kijana anaweza kuvifikia bila kuomba ufunguo wa kabati. Karatasi ndogo na kalamu viwe kaunta, kwa anayetaka kuandika kuliko kusema. Na akikuandikia, jibu kwa sauti ileile aliyotumia yeye.

Je, siri ina mpaka? Unao. Mtoto akikwambia anapigwa, anadhulumiwa, au anataka kujidhuru, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo hutaweza kuitimiza. Mwambie ukweli huo kwa upole, na pigeni pamoja simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure. Nimesema pamoja. Kumpa mtoto namba na kumtuma nje akapige mwenyewe ni kumfukuza kwa adabu.

Vijana wa kujitolea waliniomba niseme juu ya akili bandia, na nitasema kidogo tu, maana wengi wanaizungumzia bila kuijua. Mwanafunzi wa chuo alikuja na orodha ya vitabu sita anavyovihitaji kwa insha yake. Tukatafuta kwenye katalogi. Hakuna. Tukatafuta kwenye katalogi za maktaba kubwa za nje. Hakuna. Waandishi wawili walikuwa watu wa kweli, lakini vitabu hivyo hawakuviandika. Orodha ilitoka kwenye programu ya akili bandia, ambayo huweza kukuundia jina la kitabu lenye sura nzuri kabisa na mwaka wake. Kuna wakutubi ambao wangefurahi: "Si tuliwaambia!" Mimi naona ile ndiyo saa bora ya kufundisha niliyopata mwaka huo. Kwa nusu saa kijana yule alijifunza maana ya katalogi, kitu ambacho tumekuwa tukihubiri kwenye ziara za shule huku watoto wakipiga miayo. Asifukuzwe, asihubiriwe. Akae chini, tuthibitishe pamoja, kimoja kimoja.

Tena msiwadharau vijana hawa kwa kusoma. Juni 2024 walishika Mswada wa Fedha, maandishi makavu ya kisheria ambayo wengi wetu humu hatujawahi kufungua, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza hata programu ya kuuliza maswali juu yake. Siingii katika siasa. Nauliza swali la kikazi tu: wiki zile, ni maktaba ngapi za umma zilizokuwa na nakala ya mswada ule juu ya meza, pamoja na sheria ambazo ulikuwa ukibadilisha, na mkutubi wa kueleza mswada husomwaje? Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016. Swali kubwa kuliko yote ambayo kizazi hiki kimewahi kuuliza kwa pamoja lilipita nje ya milango yetu.

Wapo pia waliovuka miaka kumi na minane, ambao tunawasahau kwa sababu si watoto na si wazee wa magazeti. Hao maswali yao yana tarehe ya mwisho. Kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa kilichopotea. Mkopo wa masomo wa HELB. Kuchagua kozi za chuo kwenye mtandao wa KUCCPS. Fomu ya PIN ya kodi. Leo wanakwenda saiba, yaani duka la intaneti, wanalipa kwa kila ukurasa, na wanampa mtu wasiyemjua nywila yao. Tuwe na faili moja kaunta, la karatasi, lenye kila fomu, nini cha kubeba, ofisi gani, ghorofa ya ngapi. Mtu mmoja alikague kila mwezi, maana maelezo ya mwaka juzi yanampotezea kijana nauli bure. Hili halihitaji hotuba. Linahitaji faili.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa, basi niwaombe vitu viwili, kisha chai.

Cha kwanza: kila maktaba ianze daftari la maswali yaliyotushinda. Yale tuliyojibu yana ripoti yake. Naomba yaliyotushinda, bila jina la aliyeuliza. Swali lenyewe, tarehe, na tulipokwama. Mje nayo tukikutana tena, tuyasome kwa sauti. Mtaona mkusanyiko wetu una mashimo wapi kuliko ripoti yoyote ya ukaguzi itakavyowaonyesha.

Cha pili ni saa za kufungua. Shule za kutwa huachilia wanafunzi saa kumi, saa kumi na moja. Apande matatu, foleni ya barabara ya Jogoo impate, afike kwetu. Anakuta nini? Mlinzi anafunga geti. Haya yote niliyosema kuhusu kumkaribisha, kumsikiliza, kumfuata alipoketi, hayana maana kwa kijana aliye nje ya geti. Tunahitaji angalau jioni mbili kwa wiki, hadi saa mbili usiku, pamoja na mshahara wa atakayekaa, taa ya njiani na mlinzi wa kuwatoa wasichana hadi stejini. Hilo ni jambo la bajeti ya kaunti, na makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Kwa kawaida mikutano hiyo huwa na watu wa barabara, watu wa maji na watu wa soko. Wa maktaba sijawahi kumwona.

Barua tumeiandika, iko kwenye meza ya chai. Isomeni kwanza, ina makosa mawili ya tahajia ambayo walimu watayapata. Halafu tieni sahihi. Na nyinyi wa kule nyuma wenye sare, yenu ndiyo tunayoitaka zaidi, kwa hiyo msipite mlango ule kabla hamjafika mezani.